Mafua Hayaletwi na Upepo

Miezi ya Juni na Julai ni miezi ya baridi hapa Ziba na katika nchi yote ya Tabora. Usiku twajikunyata, mchana upepo mkavu huinua mavumbi, na katika kila nyumba twasikia kikohozi. Ndipo watu husema, "Upepo wa kipupwe umetupiga." Na tulipime neno hili kama ni kweli.

Wazee wetu waliiona njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo hata Tabora na kuendelea mpaka Ujiji. Zilipita humo pembe na nguo, na ndui nayo ilipita, ikichukuliwa na watu wasiojua. Tena mwaka 1918 homa kuu ya mafua iliingia Afrika ya Mashariki kwa meli, ikafuata reli na njia za watu hata bara. Ilienea katika miezi ya mwisho wa mwaka, ambayo kwetu si miezi ya baridi. Iliua watu wengi, hata vijana wenye nguvu. Basi, mafua huletwa na mtu, wala si na upepo.

Je, baridi haina neno? Inalo. Wakati huo twalala wengi chumba kimoja, madirisha yamezibwa, na moto wa kuni wafuka moshi. Pumzi ya mmoja huwa pumzi ya wote, na moshi huumiza vifua vya watoto.

Kwa hiyo yatupasa kujifunika vizuri, lakini tuache dirisha wazi kidogo, na moto tuuwashe nje ya chumba cha kulala. Akohoaye na azibe kinywa kwa kitambaa au kwa kiwiko cha mkono. Tunawe mikono kwa sabuni, na kila mtu awe na kikombe chake mtungini.

Liko neno moja gumu zaidi. Mgeni akija, twampa mtoto mchanga ampakate, nasi twaona haya kumnyima. Lakini mwenye mafua akisema, "Nitamsalimu kwa mbali," hakumdharau mtu, amempenda mtoto. Salamu ya kupiga makofi, tuliyoirithi kwa wazee, yatosha kabisa kwa siku hizo.

Mafua ya mtu mzima hupoa yenyewe kwa kupumzika na kunywa maji mengi. Antibiotiki haziui virusi vyake. Lakini kwa mtoto huweza kugeuka kuwa nimonia. Enyi akina mama, mtoto akikohoa, hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hata 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Wa mwaka 1 hata 5, pumzi 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, au akikataa kunyonya, mpelekeni kituo cha afya saa ile ile, msingoje kesho. Wala msiache chanjo ya nimonia, itolewayo Tanzania tangu mwaka 2013, mtoto akiwa na majuma 6, 10 na 14.

Heri kinga kuliko tiba. Baridi itapita kama ipitavyo kila mwaka. Na tujitahidi watoto wote waione mvua ijayo.