Je, Wajua? Alama Mbili Zinazorefusha Foleni

Mwisho wa mwezi, mtu aliyepanga foleni kwenye kaunta ya malipo jijini Dodoma huambiwa, "Mtandao unasumbua." Huku simu yake inacheza video bila kukwama! Wakati mwingine mtandao unasingiziwa. Kanzidata (database) ndiyo inayosoma jedwali zima kutafuta bili moja, kwa kuwa faharasa (index), orodha inayoonyesha kila kitu kilipo, imerukwa.

Faharasa nyingi za kanzidata hufuata muundo wa B-tree, ambao Rudolf Bayer na Edward McCreight, wakiwa Boeing, waliueleza katika makala iliyochapishwa mwaka 1972. Nguvu yake ni kutawanya matawi mengi kwa ngazi chache. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kila ukurasa wa faharasa ukibeba funguo 300, ngazi tatu zinafikia milioni 27, na ya nne inapita bilioni 8. Yaani kurasa nne tu zinatosha kumpata Mtanzania yeyote.

Tatizo ni kwamba faharasa huachwa kwa kosa dogo mno. Chukua kontroo namba, ile ya kulipia bili, yenye tarakimu 12, iliyohifadhiwa kama maandishi. Mtengeneza programu anaitafuta kwa swali (query) lenye tarakimu tupu, bila zile alama mbili za kunukuu. Kwenye kanzidata ya MySQL, hapo faharasa haifai tena.

Sababu yake inachekesha kidogo. MySQL ikilinganisha maandishi na namba, huyageuza maandishi kuwa namba. '1', ' 1' yenye nafasi mbele, na '1a' yote huwa 1. Lakini faharasa imepangwa kwa mfuatano wa maandishi, na humo hayo matatu hayakai pamoja. Ili isiruke hata moja, kanzidata hulazimika kupitia mistari yote na kuigeuza mmoja mmoja. Mistari ikiwa elfu tano, majaribio yanapita vizuri na mkandarasi analipwa. Ikifika milioni kadhaa, foleni inatoka nje ya mlango. Kanzidata nyingine, PostgreSQL, hulikataa swali la namna hiyo papo hapo, na kwa ukali huo naipenda.

Kumkamata mwizi si kazi. Kwenye MySQL, weka neno EXPLAIN mbele ya swali. Safu ya type ikisema ALL na ya key ikisema NULL, ndiye huyo. Washa pia logi ya maswali ya polepole, ila kizingiti chake cha kawaida ni sekunde 10. Kishushe kiwe 1.

Badala yake, ofisi hukimbilia kununua seva kubwa zaidi, ya zamani ikabaki stoo kusubiri mnada. Huo ni ufujaji. Jiji lenye makao makuu ya Mamlaka ya Serikali Mtandao na Chuo Kikuu cha Dodoma halikosi vijana wa kusoma EXPLAIN. Waitwe kabla ya afisa ununuzi. Na wasipachike faharasa kila safu, maana kila moja huongeza kazi ya kuandika mstari mpya.

Kazi nyingine za faharasa: kuzuia namba kujirudia, kuunganisha majedwali, kupanga kwa tarehe, kutafuta jina kwa herufi za mwanzo. Kwa herufi za mwisho, B-tree ya kawaida haikusaidii.