Kiungio cha mikono mitatu

Kiungio cha mikono mitatu ni sehemu ya nyuma ya trekta inayoshika zana za kilimo kama plau, haro na rotaveta, na kuziinua au kuzishusha kwa nguvu ya haidroliki. Kina mikono miwili ya chini inayovuta na kubeba uzito, na mkono mmoja wa juu unaoamua mwinamo wa zana. Katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambako mpunga hulimwa kwenye ardhi ya mafuriko kuzunguka mji wa Ifakara, uchaguzi wa kiungio na zana huamua kama trekta dogo litamaliza kazi au litanasa kwenye tope.

Historia

Mfumo huu ulibuniwa na Harry Ferguson (1884–1960), mhandisi kutoka kaskazini mwa kisiwa cha Ireland, aliyepata hataza yake mwaka 1926. Kabla ya hapo plau ilikokotwa tu nyuma ya trekta. Iliponasa kwenye jiwe au kisiki, trekta liliweza kuinuka upande wa mbele na kumpindukia dereva. Katika mfumo wa Ferguson, ukinzani wa udongo husukuma mkono wa juu kuelekea mbele na hivyo kusaidia magurudumu ya mbele kubaki chini. Mwaka 1939 kampuni ya Ford ilitoa trekta la 9N lenye mfumo huo, na mwaka 1946 Ferguson TE20 lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza. Leo vipimo vyake vimewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 730.

Madaraja

Viungio hupangwa kwa madaraja kufuatana na nguvu za trekta. Kwa matrekta madogo na ya kati, vipimo vya kawaida ni takriban hivi:

- Daraja 0: chini ya nguvu farasi 20; pini zote milimita 16.
- Daraja 1: nguvu farasi 20 hadi 45; pini za chini milimita 22, ya juu 19.
- Daraja 2: nguvu farasi 40 hadi 100, pini za chini milimita 28, ya juu 25.

Zana yenye pini nyembamba kuliko tundu la mkono huchezacheza na kula vyuma, lakini tofauti ya daraja moja huweza kuzibwa kwa bushi. Pawatila, inayotumika pia kwenye majaruba, kwa kawaida haina kiungio hiki. Zana zake hufungwa kwa namna nyingine.

Kuchagua zana

Kuingia kwa pini hakutoshi. Uwezo wa kuinua mara nyingi hupimwa milimita 610 nyuma ya ncha za mikono ya chini, na kadiri uzito wa zana unavyokaa mbali zaidi, ndivyo trekta linavyoinua kidogo. Zana ikiinuliwa, angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta inapaswa kubaki kwenye ekseli ya mbele. Vinginevyo usukani hupoteza nguvu na vyuma vya uzito huhitajika mbele.

Kwenye shamba jipya lenye visiki, plau ya sahani hufaa kuliko ya ubao kwa sababu sahani huzunguka na kupanda juu ya kizuizi. Kwa kuchavanga majaruba, rotaveta hutumika. Nyingi huendeshwa na shafti ya nguvu ya trekta kwa mizunguko 540 kwa dakika. Rotaveta pana kupita nguvu za injini hulemewa na udongo wa mfinyanzi.

Mkono wa juu wa haidroliki

Mkono wa juu wa kawaida hurefushwa kwa kuzungusha skrubu kwa mkono. Ule wa haidroliki ni silinda inayomwezesha dereva kubadili mwinamo akiwa kwenye kiti, jambo linalofaa wakati wa kusawazisha jaruba. Huhitaji vitu vitatu: vali ya trekta inayosukuma mafuta pande zote mbili, vali ya kufunga inayozuia silinda kulegea, na urefu unaolingana na mkono wa zamani ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguka. Viungio vya mipira ya mafuta hufutwa kabla ya kuunganishwa, kwani mchanga ukiingia huharibu pampu na vali.

Usalama

Trekta au gari lililonasa halivutwi kwa kufunga mnyororo kwenye tundu la mkono wa juu. Mvuto wa juu ya ekseli ya nyuma huweza kulipindua trekta kinyumenyume kabla dereva hajawahi kukanyaga klachi. Mnyororo hufungwa kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini. Mafuta yanayovuja kwa shinikizo kubwa hutoboa ngozi, hivyo uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, si kwa kidole. Aliyechomwa na mafuta hayo hupelekwa hospitali mara moja, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Zana hushushwa chini kabla ya kuzima injini, na hakuna anayeingia chini ya zana iliyoinuliwa kwa haidroliki pekee.