Pingu Katika Chumba cha Kujifungulia

Sisi tuliozaa tunaijua saa ile. Mtu humwita mama yake, hushika mkono wa mkunga, hutaka kutembea, na kabla hajapiga hatua tatu hutaka kulala. Sasa, mama msomaji, hebu jiwazie uko katika saa hiyo mnyororo ukiwa mkononi, na ncha yake ya pili ameishika askari.

Haya yalitokea London, Uingereza. Gereza la Holloway lilifunguliwa mwaka 1852, na tangu 1903 likawa la wanawake peke yao. Mwezi Desemba 1995 alifika pale Mkaguzi Mkuu mpya wa Magereza, Sir David Ramsbotham, jenerali mstaafu wa jeshi. Mtu wa namna hiyo amelala kambini miaka mingi, hashtushwi na godoro gumu. Lakini alikuta uchafu na panya, na wanawake waliofungiwa vyumbani karibu mchana kutwa na usiku kucha. Alikatisha ukaguzi, akatoka na watu wake, akasema atarudi baada ya miezi sita kuona kama kuna kilichotengenezwa. Mkaguzi huyo hana mamlaka ya kumwamuru mkuu wa gereza. Kazi yake ni kutazama na kutoa ripoti. Kwa hiyo kuondoka kwake kulisikika kuliko amri.

Ajabu ni kwamba lililowachoma watu zaidi lilikuja wiki chache baadaye. Mwaka 1994 na mapema 1995 wafungwa wanaume walitoroka katika magereza mengine, na serikali ikakaza ulinzi kila mahali. Kosa la wanaume wale likawaangukia wajawazito. Januari 1996 televisheni ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri za mfungwa wa Holloway akiwa amefungwa hospitalini huku ana uchungu wa kuzaa. Waziri aliyehusika na magereza, Ann Widdecombe, ambaye ni mwanamke kama sisi, alitetea utaratibu huo Bungeni. Wakunga walipinga, na wananchi wakapiga kelele. Kabla mwezi haujaisha, Waziri wa Mambo ya Ndani, Michael Howard, alitangaza kwamba mwanamke anayepelekwa kujifungua hatafungwa pingu akishafika hospitali. Jambo lililosemwa kuwa haliwezekani kwa sababu ya usalama likawezekana kwa siku chache!

Mengine yalikwenda polepole. Mkaguzi aliporudi mwaka 1996 alikuta hali imesogea, ingawa kazi ilikuwa bado kubwa. Mwaka 1997 alitoa ripoti juu ya wafungwa wanawake wa nchi nzima, akataka awepo kiongozi mmoja wa kuyasimamia magereza yao. Wanawake walikuwa wametiwa katika mpango uliotengenezwa kwa ajili ya wanaume.

Holloway palikuwa pia na sehemu ya akina mama wenye watoto wachanga. Mtoto aliweza kukaa na mama yake mpaka miezi tisa. Katika magereza mengine machache, hadi miezi kumi na minane. Tuliposoma hayo tulinyamaza kidogo. Miezi tisa ndiyo mtoto anatambaa, anaijua sura ya mama, na akipokewa na mgeni analia. Nani anayepanga tarehe ya kumtoa mikononi siku hiyo?

Novemba 2015 serikali ilitangaza kulifunga Holloway, na mwaka 2016 likafungwa. Wengi walihamishiwa magereza ya Surrey, nje ya jiji, na bibi mwenye wajukuu aliyezoea kupanda basi moja kwenda kumwona binti yake akapata safari nyingine.

Huko Surrey ndiko liliko gereza la Bronzefield. Usiku mmoja wa Septemba 2019 msichana wa miaka 18, mahabusu ambaye hajahukumiwa, alishikwa na uchungu chumbani mwake. Alibonyeza kengele akaomba msaada. Akabonyeza tena. Hakuna aliyekuja. Alijifungua peke yake gizani, na asubuhi mtoto alikutwa amekufa. Hakuwa na pingu, maana pingu zilikwisha kukatazwa zaidi ya miaka ishirini nyuma. Aliyekosekana ni mtu wa kuitikia kengele.

Uchunguzi wa kifo hicho ulitolewa Septemba 2021, ukataka kila mimba iliyo gerezani ihesabiwe kuwa ya hatari. Mwaka huo serikali ilitoa kanuni mpya kuhusu wajawazito na akina mama wenye watoto gerezani. Tangu Aprili 2024 mwongozo wa mahakama za Uingereza unamtaka hakimu aikumbuke mimba, na miezi inayofuata kuzaa, kabla ya kutamka hukumu.

Msichana yule alikuwa amebonyeza kengele mara mbili jioni ile, saa mbili na dakika chache, kisha nusu saa hivi baadaye.