Kutumia feni msimu wa kaskazi bila kupanda daraja la bei ya stima

Kati ya Desemba na Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, joto la Mombasa hupanda na katika nyumba nyingi feni huzunguka usiku kucha. Baada ya wiki kadhaa, malalamiko ni yaleyale: pesa za tokeni ni zilezile lakini uniti zimepungua. Mara nyingi mita haina hitilafu. Nyumba imepanda daraja la bei.

Bei hupangwa vipi?

Tangu Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli nchini, EPRA, imewagawa wateja wa nyumbani katika madaraja matatu. La kwanza, lenye bei nafuu zaidi, ni la nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi. La pili hufika uniti 100, na la tatu ni la zaidi ya 100.

Kinachoangaliwa ni wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyotangulia, na uniti zote hutozwa bei ya daraja lililofikiwa. Ndiyo maana joto la Februari linaweza kulipiwa hata mwezi wa Mei, wakati mvua za masika zimeshapoza nyumba.

Hesabu ya nyumba moja

Chukua nyumba yenye balbu mbili za zamani za wati 60, zinazowaka saa tano kila jioni. Hizo hutumia uniti 18 kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 ikiwashwa saa nne kwa siku huongeza uniti 7. Jumla ni 25, na nyumba iko daraja la kwanza.

Kaskazi inapoingia, feni ya wati 60 huwashwa saa kumi kwa siku. Hizo ni uniti 18 zaidi, na jumla sasa ni 43. Nyumba imehama daraja.

Lakini balbu hizo mbili zikibadilishwa kwa za LED za wati 9, matumizi ya taa hushuka hadi chini ya uniti 3. Jumla, pamoja na feni, huwa takriban 28. Familia imepata upepo na imebaki daraja la kwanza. Tena balbu za zamani hutoa joto, hivyo kuziondoa hupunguza fukuto chumbani.

Mambo mengine ya kuzingatia

• Feni hupoza mtu, haipozi chumba. Izimwe kila chumba kinapobaki kitupu.

• Friji iwekwe mbali na jiko na jua, na iachiwe nafasi nyuma ili joto litoke. Chakula kipoe kabla ya kuingizwa. Mpira wa mlango ukilegea, ubadilishwe.

• Nguo zipigwe pasi kwa pamoja, mara moja au mbili kwa wiki.

• Wenye kiyoyozi wakiweke nyuzi 25 hivi, wafunge madirisha na kusafisha vichujio. Kiyoyozi kinaweza kumaliza uniti 30 kwa siku chache tu.

• Mapazia ya upande wa magharibi yafungwe tangu adhuhuri. Jioni, madirisha ya pande mbili yafunguliwe ili upepo upite.

Wanaotumia mita moja

Katika nyumba za vyumba vya kupangisha, matumizi ya wapangaji wote huhesabiwa pamoja. Vyumba sita vya uniti 25 kila kimoja hufanya uniti 150, yaani daraja la tatu, ingawa hakuna mpangaji anayetumia stima nyingi. Wapangaji wanashauriwa kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu kuomba mita tofauti kutoka Kenya Power.

Afya kwanza

Kupunguza matumizi kusimnyime upepo mtoto mchanga, mzee, mjamzito au mgonjwa. Joto kali huweza kuua. Mtu akionyesha kuchanganyikiwa, kuzirai au mwili kuwa moto sana, apelekwe kivulini, apozwe kwa maji na kufikishwa hospitalini haraka.

Kwa nyumba nyingine zote, njia rahisi ya kujua hali ni kuandika uniti zilizosalia kwenye mita kila Jumapili. Nyumba inayotumia zaidi ya uniti 7 kwa wiki inaelekea kuvuka 30 kwa mwezi.