Kirikuu, Noah au Mkonga: Gari la Kazi Likigeuzwa Kitanda cha Uluguru

Chukua futi ya fundi upime bodi la Hilux ya dabo kebini, gari ambalo kila mkubwa wa mradi angependa kupewa. Urefu wake ni kama mita moja na nusu. Mtu mzima hanyooshi miguu humo. Kisha pima bodi la kirikuu, ile Suzuki Carry ya cc 660 inayobeba matenga ya nyanya na makochi ya wanaohama nyumba. Utapata mita 1.9 hivi kwa mita 1.4. Godoro la nne kwa sita linaingia lote, na viatu vinapata pa kukaa. Kwa anayetaka kupiga kambi Uluguru bila kununua gari jingine wala kukodi lile la watalii lenye hema juu ya paa, ambalo bei yake hutajwa kwa dola, kipimo hicho ni muhimu kuliko nguvu za injini.

Milima yenyewe haipandwi kwa gari. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), ni ya miguu. Kilele cha Lupanga, kinachouangalia mji wa Morogoro kutoka zaidi ya mita 2,100, kinafikiwa kwa kutembea, na Kimhandu chenye mita zaidi ya 2,600 kinadai mapafu zaidi. Gari la foo wili wakati wa kiangazi litakufikisha Morningside, kwenye jengo la zamani la Wajerumani. Upande mwingine litakufikisha Nyandira, Mgeta, kwenye bustani za karoti, kabichi na mapeasi. Baada ya hapo linabaki kuwa kitanda, stoo na jiko, na kwa kazi hizo tatu halihitaji ufahari wowote.

Watu huuliza mafuta kwanza. Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 190 na ushee. Ongeza safari ya kupita Mzumbe, kukunja kushoto Sangasanga na kupanda Mgeta, halafu kurudi. Weka kilomita 500 kwa jumla. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini kwa wepesi wa hesabu tuseme lita ni shilingi 3,000. Kirikuu ikienda kilomita 14 kwa lita itatumia kama 107,000. Noah kwa kilomita 10, ni 150,000. Land Cruiser ya dizeli, ile hadtopu wanayoiita mkonga, kwa kilomita 7 inakaribia 215,000. Mlimani zote zitakunywa zaidi ya hapo.

Sasa gawanya kwa vichwa uone mambo yanavyogeuka. Kirikuu ina viti viwili tu, kwa hiyo kila mmoja analipa 53,500. Noah yenye watu watano inawatoza 30,000 kila mmoja, na mkonga ukijaa watu wanane ni kama 27,000. Usidhani wale wa kirikuu watapunguza kwa kupakia mashemeji nyuma. Bodi la mizigo si mahali pa abiria, na trafiki wa barabara hiyo hawana usingizi. Halafu kuna treni ya SGR, iliyoanza kati ya Dar na Morogoro Juni 2024 kwa nauli ya 13,000 daraja la kawaida. Kwa nauli hiyo, kwenda na kurudi ni 26,000, na hapo treni inayashinda magari yote matatu. Isipokuwa treni haina godoro, na ukishuka stesheni ya Jakaya Kikwete, Morogoro, bado Mgeta hujafika.

Gharama kubwa, hata hivyo, haimo kwenye tangi. Imo kwenye hesabu ya siku. Gari la kazi likienda kambini Ijumaa hadi Jumapili, limepoteza Jumamosi, siku ambayo watu wanahama nyumba, wanabeba tofali na wananunua samani. Ziandike siku hizo tatu kwenye karatasi pamoja na mafuta, maana wenye magari wengi huzisahau kwa kuwa hazitoki mfukoni. Kwa kirikuu au pikapu kuna njia ya kufidia ambayo gari la starehe halina: rudi na mzigo. Usiku wa mwisho ukishapita, godoro linakunjwa na bodi linapokea karoti na kabichi za gulio la Nyandira. Uwezo wa kirikuu ni kilo 350, na tangu 2017 mazao yasiyozidi tani moja yanayovuka halmashauri hayatozwi ushuru. Kwa bei nzuri ya sokoni, kabichi zitalipa mafuta.

Noah ndiyo itakayochaguliwa na wengi, na sababu zipo. Inafungwa milango, ina vioo, na viti vikilazwa watu wawili wanalala vizuri. Waliobaki watahitaji hema. Tatizo lake ni tumbo. Liko chini, na barabara za milimani zina mawe yanayolitafuta. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo ukishalowa Noah isiyo na foo wili iache mjini, upande Landrova za wenyeji ambazo zimezeekea kwenye makona hayo. Mkonga ndio wenye barabara, hilo halina ubishi, ila kuununua kwa ajili ya wikiendi chache za mwaka ni kutupa pesa. Canter sitaisemea mengi: gari la zaidi ya tani 3.5 linapita mizani Vigwaza na Mikese hata kama limebeba sufuria na mahema tu.

Ukipanga kuendelea hadi Mikumi, jua kwamba hifadhi hiyo hutoza gari kwa uzito wake likiwa tupu, kwa hiyo wenye kirikuu watacheka getini na wenye lori watanuna. Barabara kuu inakatiza hifadhini kilomita 50 hivi, na vibao vya pembeni vinaonyesha faini ya kila mnyama atakayegongwa. Usilale na maembe wala machungwa ndani ya hema. Nyani na tembo wana pua.

Vifaa ni vichache: turubai zito, mbao tatu za kulisimamisha, godoro, na mablanketi ya kweli, kwa kuwa Mgeta ya Juni na Julai si Dar. Bati la gari linashika baridi, na pumzi za wawili zikifungiwa ndani zinageuka maji kwenye vioo, basi acha upenyo. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata dakika moja, hata kama moto umebaki majivu. Moshi wake usioonekana unaua waliolala. Bodi lililobeba samaki au dawa za mimea lioshwe kwa sabuni na lianikwe juani siku nzima. Kabla ya kuondoka fundi aangalie breki na klachi, na ukishuka Mgeta tumia gia ileile uliyopandia. Soma pia bima yako, kubwa au ndogo, uone inaruhusu gari litumike kwa nini.

Ushauri wangu kwa wawili ni kirikuu wakati wa kiangazi. Kwa familia ni Noah na hema moja la ziada, nayo iishie pale lami inapokuwa na heshima. Ila kabla ya kulipia chochote, lala usiku mmoja kwenye gari lako likiwa limeegeshwa uani. Mgongo ukikataa, nunua hema, panda treni, na uache gari liendelee kuleta hesabu.