Okidi za Kitropiki: Ngeli Zake, Makao Yake na Namna ya Kuzifundisha

Utangulizi

Somo la uainishaji wa viumbe hufundishwa mara nyingi kama orodha ya majina ya kukaririwa. Mwalimu huandika ubaoni, wanafunzi hunakili, na baada ya mtihani majina yote husahauliwa. Kasoro hii haitokani na ugumu wa somo lenyewe. Hutokana na kuchanganywa kwa maswali mawili ambayo yapaswa kutenganishwa: "Kiumbe hiki ni cha ukoo gani?" na "Kiumbe hiki huishi wapi?" Swali la kwanza ndilo la uainishaji, la pili ni la makao.

Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kuyatenganisha maswali hayo kwa kutumia mimea iitwayo okidi. Mimea hii inafaa sana kwa kazi hiyo. Ni mojawapo ya familia kubwa kabisa za mimea itoayo maua duniani, yenye spishi zipatazo 28,000 katika jenasi zaidi ya 700. Hupatikana katika Afrika Mashariki tangu vichaka vya pwani hadi nyanda za juu zenye baridi. Tena, kama tutakavyoona, baadhi yake zimo hatarini, na hatari hiyo huwagusa wanafunzi wenyewe na wazazi wao.

Dalili za okidi

Okidi ni mmea wa kundi la monokotiledoni, yaani kundi la mahindi, migomba na nyasi, ambamo kiinitete kina jani moja la mbegu. Lakini ua lake lina dalili ambazo hazipatikani kwa pamoja katika familia nyingine. Mwanachuo azishike tatu.

Kwanza, ua lina sepali tatu na petali tatu, na petali moja haifanani na wenzake. Petali hiyo huitwa mdomo. Huweza kuwa pana, yenye madoadoa, au yenye mrija mrefu uliofungika mwishoni, na ndipo mdudu hutua au huongozwa kuingia. Katika okidi nyingi kikonyo cha ua hujipinda ua lingali tumba, hata mdomo ukawa upande wa chini.

Pili, stameni na pistili, ambazo katika ua la mharagwe huonekana mbalimbali, katika okidi zimeungana kuwa nguzo moja katikati ya ua. Chavua haimwagiki kama unga, bali kwa kawaida imeshikamana kuwa vidonge vidogo ambavyo mdudu huvibeba vizima vizima.

Tatu, mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na tunda moja huweza kuwa na maelfu kwa maelfu. Mbegu hizo hazina akiba ya chakula. Punje ya mhindi hubeba masurufu yake. Mbegu ya okidi husafiri mikono mitupu. Isipokutana na kuvu wa aina inayofaa katika udongo au katika gome la mti, wa kuilisha mwanzoni, haiwezi kukua. Ndiyo sababu mbegu ni nyingi mno lakini miche ni michache.

Ngeli hazijulikani kwa makao

Mwalimu wa shule ya msingi ana mfano mzuri wa uainishaji katika somo lake la Kiswahili. Maneno "mtu" na "mti" yote huanza na m-, na mwanafunzi mgeni wa lugha angeweza kuyaweka fungu moja. Lakini tunasema "watu wameanguka" na "miti imeanguka". Ngeli ya jina haijulikani kwa herufi ya mwanzo tu, bali kwa upatanisho, yaani kwa jinsi jina linavyohusiana na maneno mengine katika sentensi. Vivyo hivyo mmea haujulikani ukoo wake kwa mahali ulipoota, bali kwa muundo wake, hasa wa ua.

Kosa la kuainisha kwa makao si la watoto peke yao. Mtaalamu mashuhuri wa Sweden, Carl Linnaeus, alipochapisha kitabu chake kikubwa cha mimea mwaka 1753, aliziweka okidi nyingi zilizojulikana kuwa huota juu ya miti katika jenasi moja, akaiita Epidendrum, jina la Kiyunani lenye maana ya "juu ya mti". Hata vanila iliingizwa humo. Wataalamu waliofuata walichunguza nguzo na chavua za maua hayo wakaona kuwa mimea hiyo ilikuwa ya koo mbalimbali. Leo vanila ina jenasi yake, tena katika tawi la mbali kabisa. Mwanafunzi akielezwa habari hii ataelewa kwamba uainishaji si sheria iliyoshuka kutoka juu, ila ni kazi ya kuangalia, kulinganisha na kusahihisha.

Siku hizi familia ya okidi hugawanywa katika matawi makuu matano. Mawili kati yake hayapatikani kiasili barani Afrika: tawi la Apostasia, la Asia na Australia, na tawi la okidi ambazo mdomo wake una umbo la kiatu cha ndara, za Asia, Ulaya na Amerika. Matatu yaliyosalia tunayo:

(a) Tawi la vanila. Katika pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji huota Vanilla roscheri, mtambazi mnene usio na majani ya kuonekana, utambaao juu ya vichaka.

(b) Tawi la Orchis. Nyingi huota ardhini na huwa na viazi chini ya udongo. Humu zimo Disa, Satyrium na Habenaria.

(c) Tawi la Epidendrum, lililo kubwa kuliko yote. Humu zimo nyingi zikaazo juu ya miti, kama vile Ansellia, Angraecum, Aerangis, Polystachya na Bulbophyllum. Lakini imo pia Eulophia, ambayo spishi zake nyingi huota ardhini.

Mfano huu wa mwisho ndio kiini cha somo. Katika uwanda mmoja wa nyasi mwanafunzi aweza kuona Eulophia na Disa zimesimama karibu karibu, akadhani ni ndugu. Kumbe Eulophia ina undugu wa karibu zaidi na Ansellia iliyo juu ya mti. Ushahidi umo katika nguzo ya ua. Katika Eulophia na Ansellia chavua imefunikwa kwa kikofia kidogo kilichoko kwenye kilele cha nguzo, nacho hubanduka kwa ncha ya kijiti. Katika Disa hakuna kikofia cha kubanduka. Kifuko cha chavua kimeshikamana na nguzo yenyewe.

Makao na namna ya kuishi

Baada ya kulitenga swali la ukoo, mwalimu aweza kuliingia swali la makao bila kumchanganya mwanafunzi. Kwa jumla okidi zetu zina makao ya namna mbili: juu ya miti na miamba, na ardhini.

Okidi ya juu ya mti ina tatizo moja kubwa, nalo ni maji. Mvua ikikatika, gome hukauka kwa muda mfupi. Kwa hiyo mizizi yake imevikwa tabaka la seli zilizokufa, laini kama sifongo, linyonyalo maji ya mvua upesi. Mzizi ukiwa mkavu huwa mweupe; ukilowa hugeuka kijani, kwa kuwa klorofili iliyo ndani huonekana. Jambo hili wanafunzi waweza kulijaribu kwa matone machache ya maji. Spishi nyingi pia zina mashina yaliyovimba kuwa ghala la maji. Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, huongeza mbinu nyingine: baadhi ya mizizi yake huelekea juu na kufanya kama kikapu, ambamo majani makavu hunaswa na kuoza kuwa mbolea. Na katika jenasi ya Microcoelia majani hayapo kabisa. Mizizi ya kijani ndiyo ifanyayo kazi ya kutengeneza chakula.

Hapa ni lazima kusahihisha dhana iliyoenea, kwamba kila mmea ukaao juu ya mti ni mnyonyaji. Jamii ya kirukia hupenyeza viungo vyake ndani ya tawi na kunyonya maji ya mti. Huyo ni mnyonyaji kweli. Mizizi ya okidi hushika gome kwa nje tu, haingii ndani. Okidi ni mpangaji: amepewa mahali pa kukaa karibu na mwanga, lakini hapiki kwa unga wa mwenye nyumba.

Okidi ya ardhini ina tatizo lingine: kiangazi na moto wa nyika. Dawa yake ni kujificha. Disa, Satyrium na Habenaria huacha majani na shina kufa msimu wa ukavu, na uhai wake hubaki ndani ya kiazi chini ya udongo mpaka mvua zirudi. Mahali panapojulikana sana kwa okidi za namna hii ni uwanda wa Kitulo, katika Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, kwenye kimo cha kiasi cha meta 2,600. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 palifanywa Hifadhi ya Taifa, hasa kwa ajili ya maua yake. Hilo ni jambo la pekee, kwani hifadhi nyingi za Afrika zimewekwa kwa ajili ya wanyama.

Namna ya kufundisha

Somo lifuatalo laweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa vipindi viwili.

Kipindi cha kwanza kifanyike nje. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi na kila kikundi kichore mmea mmoja mahali ulipo, kikionyesha mzizi umeshika nini. Mmea using'olewe. Ikiwa tawi limeangushwa na upepo, hilo lichukuliwe. Kwa darasa zima ua moja latosha.

Kipindi cha pili kiwe cha kutengeneza ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali ya ndiyo au siyo. Kwa okidi za uwandani maswali haya yatafaa: Je, mdomo uko upande wa juu na una mirija miwili nyuma? Kama ndiyo, ni Satyrium. Kama siyo, je, mrija umetoka kwenye sepali ya juu iliyo kama kofia? Kama ndiyo, ni Disa. Kama siyo, je, mrija mmoja umetoka kwenye mdomo ulio chini, na nguzo haina kikofia cha kubanduka? Yaelekea ni Habenaria. Shule isiyo na okidi karibu ifanye zoezi lile lile kwa maua ya mharagwe, mhindi na mgomba. Njia ni ile ile.

Kuamsha hamu, mwalimu asimulie habari za Edmond Albius. Vanila ya biashara asili yake ni Mexico, na ilipopandwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ilitoa maua bila matunda, kwa kukosa wadudu wake. Mwaka 1841, katika kisiwa ambacho leo huitwa Réunion, Edmond, mtoto mtumwa wa miaka 12, aligundua njia rahisi ya kuchavusha ua kwa kijiti na kidole. Njia hiyo bado hutumiwa na wakulima wa vanila, wakiwamo wa Kagera na Uganda. Kilichomwezesha ni kulitazama ua kwa makini.

Suala la chikanda

Mwanachuo atakayepangwa katika mikoa ya Mbeya, Njombe au Rukwa atakutana na suala ambalo halimo katika vitabu vingi. Viazi vya Disa, Satyrium na Habenaria huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Zamani kilikuwa chakula cha nyumbani. Kisha kikawa biashara ya mijini, na viazi vichimbwavyo kwa mwaka vimekadiriwa kuwa mamilioni.

Mwalimu asilianze jambo hili kwa lawama. Huenda daftari alilonalo mwanafunzi lilinunuliwa kwa fedha za chikanda, na mtoto aliyeaibishwa mbele ya wenzake hatajifunza neno. Aanze na kiazi chenyewe. Mmea mmoja kwa kawaida huwa na viazi viwili: kimoja kimenywea, kwa kuwa kimelisha shina la mwaka huu, kingine ni kigumu, nacho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hutaka kile kigumu. Basi mwalimu aulize: Mwaka ujao kitaota nini? Mbegu nazo, tulivyokwisha kuona, humtegemea kuvu, na mche huchukua miaka kabla ya kutoa ua. Wanafunzi wenyewe watapiga hesabu, na hesabu hiyo wataifikisha nyumbani kwa heshima kuliko hotuba yoyote ya mwalimu.

Hitimisho

Uainishaji humfundisha mtoto kutodanganywa na sura ya nje wala na mahali kitu kilipo. Makao humfundisha kwamba kila kiumbe kimejipatia njia ya kutatua matatizo ya mahali pake. Mwanachuo atakayeyafundisha hayo mawili kila moja kwa wakati wake, nje ya darasa na kwa macho ya wanafunzi wenyewe, atakuwa amewapa elimu ya kuwasaidia hata watakapokuwa wamesahau jina la Satyrium.