Tumbo la Mwezi Halisubiriwi

Kwenye dirisha la duka la dawa, maumivu ya hedhi hayatajwi kwa jina. Msichana husubiri wanaume waondoke, kisha husogea na kunong'ona: "Dada, naomba panadol mbili." Nikimuuliza za nini, hutazama pembeni. Za tumbo. Limemshika tangu jana, ameshatapika, vipindi vya asubuhi vimempita, ndipo anakuja.

Kinachomuuma kinajulikana vizuri. Hedhi inapokaribia, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. (Jina hilo lilitungwa miaka ya 1930 na Ulf von Euler wa Sweden, aliyedhani zinatoka kwenye tezi dume. Mpaka leo wanawake wanaumizwa na kitu chenye jina la kiungo cha wanaume.) Kazi ya kemikali hizi ni kuufanya msuli wa mfuko ujikaze na kusukuma damu nje. Zikiwa nyingi kupita kiasi, msuli hukaza hadi ukabana mishipa yake wenyewe ya damu, ukakosa oksijeni, ukauma. Zikifika kwenye utumbo, mtu anaharisha. Kwa hiyo mwanafunzi anayeshinda chooni siku hiyo hatafuti kisingizio cha kukwepa hesabu.

Sasa panadol. Inatuliza kidogo, lakini haizuii sana utengenezaji wa kemikali hizo. Zinazouzuia ni ibuprofen, diclofenac na asidi ya mefenamiki. Hata hizo zina sharti: prostaglandini zikishatengenezwa, dawa haizirudishi zilikotoka. Ndiyo maana kidonge cha siku ya pili kinaonekana hakina nguvu. Kimezwe dalili ya kwanza inapojitokeza, baada ya kula, kisha kwa saa zilizoelekezwa kwa siku mbili au tatu, si kungoja tumbo likate tena. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu, au anayehisi ana mimba, aulize kwanza. Wanaoogopa kwamba dawa hizi "zinaharibu kizazi" watulie: siku mbili tatu za mwezi hazimfanyi mtu tasa. Na chupa ya maji ya moto ya bibi msiidharau. Utafiti umeonyesha joto tumboni linasaidia kweli.

Wazee wetu huliita tumbo hili chango, na wana mizizi yao. Sina ugomvi nao, ila kwa sentensi moja: "Vumilia, ukizaa litakwisha." Kwa wengine hupungua baada ya kuzaa, kwa wengine halipungui. Na aliye kidato cha pili tunamwambia nini, akazae?

Hata serikali zetu zimetazama damu zaidi kuliko maumivu. Kenya ilipitisha sheria ya pedi za bure kwa wanafunzi mwaka 2017. Tanzania iliondoa kodi ya pedi mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata. Pedi ni haki, lakini haizuii tumbo kukata. Zambia angalau inampa mwanamke mwajiriwa siku moja ya mapumziko kila mwezi, kwa sheria.

Yapo maumivu ambayo si ya kumalizia dukani. Yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayokuja hata nje ya hedhi, yanayouma wakati wa haja kubwa au tendo la ndoa, au yasiyosikia dawa iliyomezwa vizuri miezi mitatu mfululizo: hayo ni ya hospitali. Huenda ni uvimbe, maambukizi, au endometriosi, yaani tishu inayofanana na ukuta wa mfuko wa uzazi kuota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huu unampata mmoja kati ya wanawake kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi hukaa miaka kabla ya kutambuliwa kwa sababu kila waendako huambiwa ni kawaida.

Mama, na wewe matroni wa bweni: unajua tarehe za binti yako. Mpe dawa na chakula siku hiyo asubuhi, asije akaninong'oneza kesho yake.